Akina James wa Carnaleck

Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe, ting, ting, ting, na jikoni kote giza. Nilisimama kwenye ngazi, mkono tumboni, nikasikiliza. Mume wangu Samuel alishatoka kwenda kukamua, na binti yetu Ailsa alikuwa bado amelala, kwa hiyo aliyeko chini hakuwa mwingine ila mgeni wetu. Mzee yule hatumii sukari. Alikuwa anakoroga tu.

Niliwasha taa. Wendell Gault alikuwa amekaa mezani, koti mwilini, kofia kichwani, begi miguuni. Mbele yake kulikuwa na boksi dogo la mbao lenye majivu ya dada yake, Loretta.

"Mzee, ndege yako si kesho?"

"Ni kesho. Nimeona nitangulie Dublin, nisizidi kuwasumbua."

"Na mchungaji anakuja makaburini saa nne."

"Mpigie, binti yangu, mwambie asihangaike. Siwezi kumwacha dada yangu kwa watu wasiomjua."

Nilivuta kiti nikakaa. Loretta alikuwa ameitafuta asili ya ukoo wao kwa miaka mingi, akiwa kwao Pennsylvania. Alichokuwa nacho ni kidogo: babu wa babu yake, James Gault, aliondoka huku kwetu Antrim akiwa kijana, baba yake aliitwa Thomas, mama yake Jean, na walitoka Carnaleck. Basi. Carnaleck ndiko tunakoishi sisi, mashamba machache na kilima. Mimi nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya kutafuta koo, baada ya mwaka mbaya hapa nyumbani, na mwalimu akanipa barua ya Loretta nijifunzie. Tukawa tunaandikiana karibu kila wiki. Siku nilipomkuta James, mwana wa Thomas Gault wa Carnaleck, amebatizwa mwaka 1838, Loretta alilia kwenye simu hadi nami nikalia. Alipougua alitoa ombi moja: alazwe kwenye kaburi la Thomas, pale walipobaki watu wake. Wazee wa kanisa walikubali.

Jana yake mimi na Wendell tulikwenda kulisafisha jiwe la kaburi. Tulilisugua kwa brashi na maji ya ndoo, ukoga ukatoka, na majina yakaanza kuonekana. Thomas. Baba yake Thomas, James, aliyefariki 1846. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo: na James, mwana wa Thomas, aliyefariki 1840, umri miaka miwili.

Mtoto wa miaka miwili hakupanda meli kwenda Amerika. Wendell aliweka brashi ndani ya ndoo, akashika njia ya nyumbani.

"Dada yangu alimpenda mtu asiye wetu," aliniambia sasa. "Thomas wangu atakuwa mwingine, mahali pengine. Nami nilikuwa nimfukie hapa."

"Nipe mpaka tumalize kunywa chai, Mzee. Tafadhali."

Alikubali, lakini kukaa hakuweza. Alitoka uani, akarudi, akatoka tena. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Nilianza kukanda mkate nikauacha, nikamvalisha Ailsa soksi mbili zisizofanana, nikafungua kabati nisijue nafuata nini. Mengine yote yalikuwa yanalingana! Thomas, Jean, Carnaleck. Ni umri tu uliokuwa umetukataa tangu mwanzo. Jiwe la kaburi la James kule Pennsylvania lilisema alizaliwa 1841. Mimi na Loretta tulilipuuza, tukasema watu wa zamani hawakujua miaka yao.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mama mkwe wangu, Hester, anayekaa nyumba ya pili hapo uani.

"Huyo Mmarekani anazunguka uani kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Mmemlisha nini?"

"Anataka kuondoka, Mama." Nikamweleza.

"Aondoke na njaa? Wendell! Ingia ndani, unanitishia kuku!"

Wendell aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Hester alimkatia mkate wa soda wa jana, akaupaka siagi nene, kisha macho yake yakanigeukia mimi, yakateremka hadi tumboni.

"Wa kiume huyo. Tazama alivyokaa mbele. Samuel wetu huyo."

"Samuel tena?" Wendell aliuliza. Nadhani ilikuwa adabu tu. "Si mumewe ni Samuel, na marehemu mumeo vile vile?"

"Na baba yake, na babu yake. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba. Sisi hatuhangaiki kutafuta majina, Wendell, tunayo."

Nilikiweka kikombe mezani. "Tulikuwa na Samuel, Mama."

Ailsa aliacha kutafuna. Samuel huyo mdogo alikaa nasi wiki mbili tu, mwaka juzi, na hatukuwa na desturi ya kumtaja mezani.

Hester alivuta kiti. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka. "Najua, mwanangu. Si nilimbeba? Lakini mama mkwe wangu naye alimzika Samuel, akazaa Samuel mwingine, na ndiye huyo aliyenioa. Enzi zile hakuna aliyeshangaa. Babu yupo hai, anatazama. Atakufaje bila mtu wa jina lake?"

Nilikasirika. Nilishafungua kinywa nimwambie mwanangu si koti la kurithishana. Ndipo nikayasikia tena maneno yake. Babu yupo hai. James mzee, baba yake Thomas, alikufa 1846. Mjukuu alipozikwa, yeye alikuwa angali anakula uji wake pale pale Carnaleck.

"Simu yangu iko wapi? Ailsa, umeichukua simu yangu?"

Nilikuwa nimepiga picha kurasa zote za kitabu cha ubatizo, lakini tulipompata James wetu furaha ilituzidi, hatukusoma mbele. Na hata kama tungesoma, mimi nisingemtafuta wa pili. Nisingeweza kuwaza kwamba mama anasimama mlangoni kumwita mtoto jina lile lile la aliyemzika. Niliipitisha 1839. Niliipitisha 1840, pana Margaret, binti yao. Vidole vilikuwa na unga, kioo kikawa kinateleza.

Mwaka 1841. James, mwana wa Thomas Gault na Jean, Carnaleck.

Nilimpa Wendell simu. Aliisoma akiisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha akavua kofia.

"Arobaini na moja," alisema. "Kama jiwe letu."

Nilitarajia atacheka. Aliinuka akaenda dirishani, akasimama akitazama kilima cha makaburi.

"Kwa hiyo alikua nyumbani akijua kuna James mwingine kule juu."

"Alijua, Mzee. Kila Jumapili alipita pembeni yake."

"Labda ndiyo maana aliondoka."

"Au alikimbia mvua," alisema Hester. "Kunywa chai, Wendell. Mchungaji Baird hana subira."

Saa nne upepo ulikuwa mkali kule makaburini. Samuel, bado na viatu vyake vya zizini, alikuwa amechimba shimo dogo chini ya jiwe. Mchungaji Baird, anayehudumia makanisa matatu, alikuwa amewahi na anatazama gari lake. Wendell alipiga magoti akiwa na boksi, na mikono ikakataa kuliachia.

"Una uhakika, binti yangu?"

"Ndiyo, Mzee. Hawa ndio watu wake."

Nilikuwa na uhakika. Lile jingine, la jinsi Jean alivyoweza kumpa mwingine jina lile lile, sikulijua. Mtoto alikuwa anageuka geuka tumboni kama aliyekosa pa kulala, na Hester alinishika mkono.

Wendell aliliteremsha boksi taratibu. Mchungaji akafungua kitabu, upepo ukaupeperusha ukurasa wake, akaurudisha.

"Tunamweka hapa dada yetu..." Alisita. "Samahani, Bwana Gault. Jina la marehemu?"

Wendell alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, na sote tukangoja tukitazama nyasi.

Ailsa aliachia koti langu, akasogea hadi ukingoni mwa shimo.

"Anaitwa Loretta," alisema.