Utepe wa Fundi

Kach. Komeo la sanduku la spana lilifunguka gizani, chini ya kitanda, na mama akageukia ukutani alale tena kidogo. Ni mumewe huyo, anajiandaa kwenda kazini. Tangu wamzike hakuwahi kuchelewa. Kila jioni alirudi, akanawa, na harufu ya mafuta ya ndege ikabaki kwenye taulo. Kula tu ndiko alikoacha.

Leo nao walikuwa na safari. Binti yao aliomba apelekwe makumbusho ya ndege na vyombo vya anga, kwa kuwa wenzake shuleni walikwenda wakarudi na maneno.

"Wanasema baba ndiye aliyeiangusha ile ndege," alisema huku akisukwa. "Eti imeandikwa."

"Twende tukasome wenyewe," mama alijibu. "Tulia, nywele zitaenda upande."

Bibi, mama yake baba, alivaa viatu vyake vya kuendea harusini. Huko makumbusho alisimama kwa muda mbele ya vazi la mwezini.

"Huyu akibanwa na haja?"

"Anavaa nepi ndani, bibi," alisema mtembeza wageni.

"Kumbe wamefika mwezini na nepi. Basi hata huyu mjukuu wangu aliwahi kuwa tayari."

Ndege ilikuwa ukumbi wa mwisho, imeungwaungwa, pua imebonyea. Chini ya bawa alilala mtu chali, miguu nje, akikaza kitu. Bibi alizitambua soksi.

"Hata salamu hakuna," alinung'unika.

"Yuko kazini, mama," alisema mkwewe.

Baba alijivuta nje, akampa mama yake shikamoo, akampungia binti mkono mweusi kwa grisi. Kisha akatoa utepe mwekundu mfukoni, akaingiza mkono dirishani na kuufunga kwenye usukani.

Mama aliujua utepe ule. Mafundi wa kiwanjani huufunga kwenye ndege mbovu, na haufunguliwi ila na aliyeufunga. Siku ya ajali baba aliufunga. Meneja, aliyekuwa na wakubwa wanaosubiri kuruka, akaufungua kwa mkono wake. "Kama unaiogopea sana, panda nao uishike," alimwambia. Baba akapanda na spana zake, akidhani huenda akawasaidia hukohuko juu. Hakurudi hata mmoja akiwa hai.

Binti alikisoma kibao, kidole kikipita chini ya kila neno. Ajali hii ilisababishwa na uzembe wa fundi.

Mtembeza wageni alipanda ngazi fupi, akaufungua utepe, akaukunja vizuri na kuutia kwenye droo iliyokuwa imejaa tepe za namna hiyo.

"Anaufunga kila siku," alieleza kwa upole. "Unaharibu picha za wageni."

"Na kibao?" mama aliuliza. "Hicho hakibadilishwi?"

"Alikiandika meneja wake, dada. Siku hizi ndiye mkurugenzi wetu."

Baba alikuwa amesharudi chini ya bawa, na spana yake ikisikika, taratibu, kama nyumbani. Kundi la wanafunzi liliingia, likajipanga kupigwa picha. Binti akauachia mkono wa mama yake, akaenda kusimama mbele ya kibao, kichwa chake kikaziba neno la mwisho.

"Baba alisema isiruke," alisema kwa sauti.