Isale la Shemeji

Yuditha alikuwa mchoraji wa vibao, si mwanasiasa. Maduka mengi yaliyofunguliwa Moshi mjini miaka ile, biashara iliporuhusiwa kwa kila mtu, yalikuwa na mkono wake: kuku mnene wa hoteli, cherehani ya fundi, mkasi wa kinyozi. Kwa hiyo wanawake wa kijijini kwake, kule Marangu, walipoungana kutetea maji ya mfongo wao, hawakuhangaika kutafuta mchoraji mbali. Waliungana Walutheri na Wakatoliki, jambo ambalo hata misiba ilikuwa imeshindwa kulifanya. Mfongo ule ulikuwa mfereji uliochimbwa na mababu kutoka msituni. Maji yake ndiyo waliyokunywa na kupikia, na sasa yalikuwa yakiwaumiza matumbo.

Barua walikuwa wameandika hadi wakachoka. Wakubwa walizisoma au hawakuzisoma, Mungu ndiye ajuaye. Ndipo mwenyekiti wao, Theopista, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, akasema, "Tuwachoree. Picha ya ukutani hawataweza kuifungia kwenye droo."

Shule ikatoa ukuta unaotazama soko, usharika wa Walutheri ukanunua rangi, kigango cha Wakatoliki kikaleta ngazi. Mhandisi wa maji wa wilaya akakubali kuja kuizindua picha siku ya soko.

Yuditha akachora alichokuwa akikiona kila siku. Mfongo uliteremka katikati ya migomba hadi kwenye nyumba yenye paa jekundu, ambako mashine ya kumenya kahawa ilitema maganda na maji meusi ndani ya mfongo. Chini kidogo, akina mama walikuwa wakichota. Hakuandika jina la mtu. Halikuhitajika, maana paa jekundu pale kijijini lilikuwa moja tu, la shemeji yake, Sifael.

Tuseme ukweli, Sifael hakuwa jini. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupanda hadi vijijini, alinunua kahawa mbivu za majirani, akazimenya, akaziuza. Majirani haohao walimshukuru hadharani, kisha wakamlaani chooni. Shida ni kwamba alikuwa pia mkubwa wa ukoo, na Yuditha alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Kihamba alichoishi, shamba lile la migomba aliloachiwa na mumewe, kilikuwa mali ya ukoo.

Asubuhi moja, picha ikiwa karibu kukamilika, Yuditha alikuwa akimkatia ng'ombe majani alipomwona Sifael anaingia uani na wazee wawili wa ukoo. Mkononi alishika isale, jani refu la kijani lililofungwa fundo.

Yuditha akaweka mundu chini. Uchaggani unaweza kumnyima mtu ng'ombe, ukamnyima binti, hata salamu ukamnyima. Lakini mtu akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Ukikataa, mkosi ni wako na wa vizazi vyako.

"Shemeji, nimekukosea," Sifael akasema kwa upole. "Maji yale yamekuumiza na wewe. Nisamehe, yaishe hapahapa nyumbani. Uifute mashine yangu pale ukutani."

"Na yale maganda?"

"Msimu ukiisha tutaangalia."

Yuditha alipandwa na hasira hadi machozi yakamlengalenga. Alitamani kummwagia samadi kichwani. Hakuna aliyelitaja neno kihamba, ila mzee mmoja alikohoa, akaitazama migomba mstari kwa mstari, taratibu, mpaka kwenye mpaka. Yuditha akanyoosha mikono, akalipokea jani.

Mchana huohuo alipanda ngazi, akaanza kuifunika mashine kwa migomba. Ilikuwa migomba mizuri, yenye mikungu ya kutamanisha, na kila alipopaka alijichukia. Watu wa sokoni walisimama, wakaangalia, wakaondoka.

Theopista alikuja mbiombio. "Yuditha! Unafanya nini?"

"Ameniletea isale."

Theopista akaegemea ngazi. Aliyajua hayo sawa na yeye. Akauliza polepole, "Amekuletea wewe? Kwani wewe ulifiwa na nani?"

Brashi ikasimama. Kila mtu alimjua aliyefiwa. Bibi Mektrida alikuwa amemzika mjukuu wake masika yaliyopita, baada ya kuumwa tumbo kwa siku chache tu. Yuditha akaelewa alichofanya: alikuwa ametoa msamaha usio wake.

Hakungoja kunawa rangi. Alilichomoa lile jani alilokuwa amelichomeka kwenye khanga kiunoni, akaenda nalo mpaka kwa Mektrida, akamkuta anachambua maharage kwenye mkeka.

"Shikamoo, mae."

"Marahaba, mwanangu."

Yuditha akapiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Hili ni la Sifael. Alilileta kwangu kwa makosa. Ni lako."

Mektrida akalitazama. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwake."

Bibi akajifuta mikono kwenye khanga na kulipokea.

"Sikulelewa kukataa isale," akasema. "Lakini anayesamehewa ni yule aliyelileta. Nimesikia unaifuta mashine. Basi nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe kabisa."

Yuditha alitaka kusema kwamba hakuja kujiombea, kwamba yeye ndiye aliyeichora mashine ile mbele ya watu wote. Lakini hakuona lililokuwa la uongo katika alichoambiwa.

"Na Sifael, mae?"

"Masale yamejaa mpakani kwake. Mwambie akate lake, alilete mwenyewe."

Mektrida akarudia maharage yake. Yuditha akainuka, magoti yana vumbi. Ujumbe ulikuwa mdomoni mwake sasa, na wa kuupeleka alikuwa yeye. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa moja tu, nayo ilipita mlangoni kwa Sifael.