Chafya za Mkwe

Mkewe alipojifungua, fundi saa alihamia naye kwa mama mkwe ili wapate msaada wa kulea. Haukupita muda akaanza kuamka na chafya mfululizo, macho mekundu, pua ikichuruzika. Akiwa kibandani kwake anakotengenezea saa, pua inatulia. Akirudi nyumbani, chafya.

Mama mkwe aliona ni dharau. Mtaa mzima ulimsifu kwa usafi.

"Mumeo ananusa nini humu ndani?" alimuuliza binti yake.

Akazidi kufagia, na zulia akalikung'uta palepale sebuleni. Fundi akaanza kubanwa kifua. Asubuhi moja alishindwa hata kuongea, mkewe akamkimbiza zahanati.

Muuguzi alimpa dawa ya kuvuta, pumzi ikarudi. "Una mzio wa vumbi la ndani," alimweleza. "Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakaa kwenye mito, magodoro na mazulia. Hata nyumba iwe safi vipi, vimo."

Jioni fundi alijikaza. "Mama, nyumba yako haina kasoro. Mwili wangu ndio una shida." Akamweleza yote.

Mama mkwe alisikiliza huku akimbembeleza mjukuu. "Mito hiyo ya sufi aliijaza marehemu baba yenu kwa mikono yake," alisema hatimaye.

"Sijakuomba uitupe, Mama."

"Najua. Ungeniambia mapema, nisingekununia bure na wewe unaumwa."

Kulipokucha alikunja zulia, akateremsha mapazia mazito ya chumba cha binti yake na mkwewe, akachemsha maji ya kufulia mashuka. Sakafu sasa aliipangusa kwa kitambaa kibichi, vumbi lisipae. Mkewe fundi alinunua mito mipya na foronya nzito zenye zipu, na godoro akalivisha vilevile. Ile mito ya sufi mama mkwe aliihamishia chumbani kwake, mmoja akauweka upande aliokuwa akilala mumewe, akafunga mlango.

Chafya hazikuisha kabisa, lakini fundi alipumua, akalala, akamshika mwanawe bila kumpigia chafya usoni.

Asubuhi moja mlango wao uligongwa taratibu.

"Fundi, uko mzima? Mbona sijakusikia leo?"

"Mzima, Mama. Nilikuwa nimelala."

"Basi lala, baba."