Vyumba Vinne vya Félicien

Studio ya picha ya Félicien, huku Mikelenge mjini Kindu, ni chumba kimoja. Hata leo mteja anayeketi kwenye kiti cha mlangoni humuuliza Philomène, mke wa Félicien, nani anaishi kule nyuma. Hakuna nyuma. Kuna paravani: mbao tatu ndefu zilizoungwa kwa bawaba, ambazo Félicien alizichorea ukumbi, nguzo zinazopungua kimo na milango minne. Ukiketi kitini, ukumbi unakwenda ndani hatua ishirini. Ukisogea kushoto kidogo, nguzo zinavunjika.

Wakati wa vita wapiganaji walikuwa wakikamata wanaume wawabebee mizigo msituni, na wengi hawakurudi. Asubuhi moja mpiganaji mmoja alibisha hodi, hirizi shingoni, bunduki begani. Félicien aliwahi tu kujikunyata nyuma ya paravani.

"Karibu, papa. Ukae," Philomène alisema, akimwonyesha kiti. Moyoni aliomba: Bwana, asisogee kushoto.

Mgeni aliketi, akatazama.

"Bwana yako iko wapi?"

"Alienda Pangi."

"Na wewe unabaki peke yako mu nyumba kubwa hivi? Ngoja nione vyumba."

"Usiende kule, papa. Binti yangu alizaa jana. Iko chumba cha tatu."

Mgeni, aliyekwisha kuinuka, aliketi tena upesi. Dawa yake ya vita ilikuwa na mwiko: akikaribia mwanamke aliyetoka kuzaa, risasi zitamwingia.

"Mbona mutoto halii?"

Philomène alifumba macho. Nyuma ya mbao Félicien, ambaye kwenye kwaya huimba sauti ya chini kabisa, alilia.

Mgeni alisikiliza kwa makini.

"Huyu mutoto anavuta tumbako?"

"Amefuata babu yake."

"Mungu amukuze. Lakini mumupe chakula. Hiyo njaa ni ya mutu mukubwa."

Akainuka. Mlangoni aligeuka. "Kamanda wetu analala kwenye baraza ya shule, anateseka. Kesho muhamishe muzazi kwa jirani. Vyumba vyote vine, kamanda atavichukua."

Philomène alimshukuru Mungu kwa sala iliyojibiwa, kisha akaanza nyingine.

Kabla ya adhuhuri walikuwa njiani. Philomène alichagua Pangi: alitaka angalau uongo mmoja kati ya ule aliousema uwe kweli. Félicien alitaka kuiacha paravani. Mkewe alikataa: kamanda akiikuta, atajua amechezewa, na jirani ndiye atakayepigwa.

Kwa siku tano Félicien alibeba kichwani ukumbi, nguzo na milango minne. Siku ya pili shingo ilikaza.

"Mama Philo, wale watu wangenibebesha risasi tu. Ni nyepesi kuliko hii."

"Kwao hungerudi."

"Na huku ninarudi lini?"

"Mutoto wa siku tatu haulizi maswali," Philomène alisema, akimwekea vizuri kata ya majani chini ya mzigo. "Tembea."