Asilimia Arobaini

Saa nne asubuhi Mardochée, shemasi wa kanisa moja la mtaa wa Naviundu, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kituo cha afya, akilitazama dirisha. Alisema limejaa vumbi jeupe. Dirisha lilikuwa safi.

"Ulimeza kiasi gani?" muuguzi Adolphine aliuliza kwa mara ya tatu.

"Nilitemaka yote, Madame."

"Mardochée. Macho haiwezi kudanganya."

Ndipo akakubali. Jana alasiri, katika karakana ya rangi anakofanya kazi, alikuwa akihamisha methanoli, spiriti ya kuchanganyia rangi, kutoka kwenye pipa kwenda kwenye bidoni la plastiki. Pampu ilikuwa mbovu. Alichovya mpira akavuta kwa mdomo, kama wauza petroli wa barabarani wanavyofanya. Petroli hutemwa mara moja kwa ubaya wake. Methanoli haina ubaya huo, na funda moja lilipita. Jioni alijisikia mzima, akalala.

"Ni funda moja tu," alisema.

"Mililita ishirini na tano. Kumi zinaweza kupofusha."

Mama yake, Mama Mujinga, alisimama mlangoni katika kitenge cha akina mama wa kanisa. Adolphine alimgeukia, akaeleza bila kupamba. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi, na asidi hiyo huua mshipa wa jicho. Ini likipewa pombe ya kunywa, hushughulika na hiyo kwanza. Mashine ya kusafisha damu iko hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lingefika baada ya saa moja na zaidi. Daktari wa huko alikuwa amethibitisha dozi kwa simu.

"Kilichokufa hakirudi, Mama. Tunalinda kilichobaki."

"Unataka kunywesha shemasi pombe."

"Mililita mia na arobaini. Halafu ishirini kila saa."

"Ile ya bluu, pale kwa meza?"

"Hapana. Ile ya kusafisha vidonda imetiwa sumu makusudi, bantu basiinywe. Na lutuku ya kupikwa nyumbani pia hapana. Hakuna anayejua nguvu yake, na inaweza kuwa na methanoli ndani. Ninataka wiski, kizibo cha kiwandani, imeandikwa arobaini. Niko peke yangu na wagonjwa wanne. Depo ya pombe ndiyo ile, ng'ambo ya barabara."

Mama Mujinga akavuka. Wanaume watatu waliokuwa wakinywa mlangoni mwa depo waligeuka, na mmoja akapaza sauti.

"Héé! Mama ya shemasi! Leo munabatiza na wiski?"

"Mutuitie kwa ibada, Mama, tutaimba!"

Akaomba wiski. Muuzaji, Chama, alimpa chupa. Mama Mujinga alikizungusha kizibo, kikalegea bila kutoa mlio.

"Hii ilifunguliwaka. Lete ingine."

"Mama, kumbe weye unajua pombe kuliko shiye!"

Kicheko kikalipuka. Chupa ya pili ilikuwa imefungwa sawasawa. Aliisoma namba kwa sauti: arobaini. Chama hakuwa na mfuko. Mama Mujinga akavuka nayo mkononi, mbele ya barabara nzima.

Mardochée aliisikia harufu, akageukia ukuta.

"Mama, bantu bakikuona?"

"Balisha kuniona. Kunywa."

Adolphine alipima, akachanganya na maji. Mardochée alikunywa, akakohoa, akashika ukingo wa kitanda. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Adolphine aliandika saa za dozi zinazofuata kwenye kipande cha katoni, akampa Mama Mujinga pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano.

"Usichelewe hata kidogo. Ini haitakungoja."

Gari lilifika na dereva peke yake, likawachukua, likakwama kwenye foleni karibu na daraja. Mardochée alisema dirisha la gari nalo ni jeupe, ila weupe haujazidi.

Saa tano na dakika arobaini gari lilikuwa halijasogea. Mama Mujinga alifungua chupa, akavuta wiski kwa bomba hadi mstari wa ishirini, akaimimina kwenye kikombe cha maji. Nje, wanawake wawili wenye kitenge kama chake walisimama. Mmoja akaita jina lake.

"Nani anaita?" Mardochée aliuliza.

"Fungua kinywa," mama yake alisema, akikiinua kichwa cha mwanawe.