Matanga ya Pili ya Vilmos

Aliporudi kutoka makaburini, Szeréna alifunika kioo cha ukumbini kwa shuka, akavua viatu, akaketi kwenye kigoda. Kaka yake Vilmos alikuwa amezikwa asubuhi ile na padri, kwa Kilatini na maji ya baraka. Szeréna alisimama nyuma ya watu wote, ukosi wa gauni lake umechanwa chini ya koti kama desturi ya Wayahudi inavyomtaka mfiwa. Alingoja machozi jinsi mtu anavyongoja chafya. Hayakuja.

Alipokuwa akipita uani, mama mwangalizi wa jengo alikuwa amemwita kwa sauti ya kusikika ghorofa zote.

"Bibi Szeréna! Marehemu ni wetu au wenu? Nijue nimsalie kwa nani!"

"Msalie popote utakapopata nafasi, mama."

Jioni mlango uligongwa. Alikuwa Lipót, kaka yao mkubwa, theluji mabegani, mkononi bakuli lenye mayai ya kuchemsha na mkate wa mviringo. Hicho ndicho chakula cha kwanza cha mfiwa, naye hajipikii. Huletewa na majirani.

"Umekuja kukaa nami," Szeréna alisema.

"Nimekuja kukuletea chakula." Lipót alivuta kiti, kile kirefu, si kigoda cha mfiwa, akakaa bila kuvua kofia. "Leo mimi ni jirani yako."

"Kaka Lipót, aliyekufa ni ndugu yetu."

"Vilmos tulishamkalia matanga. Na wewe ulikuwepo."

Kweli alikuwepo. Miaka ishirini nyuma, Vilmos alipobatizwa, baba yao alichana koti lake na kuwakalisha wote chini siku saba, kama kwamba jeneza limetoka mlangoni. Szeréna alikuwa msichana. Alilia mpaka sauti ikakauka. Na Vilmos siku hizo alikuwa ng'ambo ya mto Danube, mzima wa afya, akifundisha hesabu na kula vizuri. Sasa Szeréna aliona kwamba machozi ya kumlilia kaka yake aliyamaliza wakati ule.

"Alidhani watu wanatuchukia kwa sababu kanisani wamefundishwa tangu utotoni kwamba tulimuua Mungu wao," alisema. "Akaona akipita kwenye maji yao ya ubatizo, mambo hayo yatakwisha."

"Yakaisha?"

"Sheria mpya inayohesabu damu, si dini, ilimrudisha kuwa Myahudi, shule ikamfukuza. Tangu hapo alishinda jikoni kwake miezi mingi, amefunga tai kama anayekwenda kazini."

"Ndivyo ilivyo." Lipót hakusema kwa hasira, alisema kama anayesoma bei dukani. "Mungu ametutenga. Tukiusahau mpaka, huwatuma wao watukumbushe. Kadiri tunavyowasogelea ndivyo wanavyotusukuma. Vilmos alisogea mno."

"Na Baba? Baba hakusogea hata hatua moja. Walimvuta ndevu kwenye tramu mchana kweupe."

"Baba alilipia makosa ya wengine."

"Kwa hiyo Vilmos aliumia kwa kosa lake, na Baba aliumia kwa kosa la Vilmos. Na waliovuta ndevu je, kaka? Hao hawamo kwenye hesabu yako?"

Chini uani mtu alikuwa akikung'uta zulia, pa, pa, pa.

"Unabisha kama yeye," Lipót alisema.

"Nimechoka, sibishi. Sikuombi ukae chini. Nakuomba jambo moja. Vilmos hakuacha mtoto wa kiume. Nani atasimama sinagogini kumsemea Kadishi, sala ya marehemu? Mimi mwanamke hawataniruhusu. Usipomsemea wewe, ndiyo basi."

Lipót alisimama. Saa ya sala ya jioni ilikuwa imekaribia, naye hakuwahi kuikosa. Alifika mlangoni, akashika kitasa, hakukizungusha.

"Mke wa Vilmos analia?"

"Analia sana. Etelka hulia kwa sauti, majirani wote wanasikia."

"Etelka," Lipót alisema polepole. "Sikujua anaitwa hivyo."

"Hukuuliza."

Lipót alikaza kofia kichwani. Kisha akasema, "Sinagogi letu ni dogo. Nikisimama na wafiwa wataniuliza nani amekufa."

"Waambie ni wa mbali. Binamu."

"Binamu zangu wote wanawajua."

"Basi sijui, kaka. Mimi leo sijui kitu."

Lipót alifungua mlango, baridi ikaingia. Alisimama pale, mgongo wake ukiwa kwa dada yake.

"Nitawaambia ni mdogo wangu," alisema. "Watakaotaka kucheka wacheke."

Szeréna alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka lango la chini likafungwa. Alijua kwamba amepata alichokuwa anakitaka. Akabaki ameketi, mikono mapajani, chumba kikiingia giza, wala hakuinuka kuwasha taa.