Siku Bibi Chanjo Alipododoswa

Hapa Litapunga wananiita Bibi Chanjo, na jina nimelitafuta mwenyewe. Mwaka wa sita huu mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Mama akiniambia kadi ya kliniki imeliwa na panya, namwambia anioneshe huyo panya. Akisema alikuwa shambani, namuuliza kama surua nayo ilikuwa shambani. Nina mdomo, sikatai.

Basi wakaja vijana wa utafiti kutoka Mpanda, wanataka kujua watoto wangapi wamechanjwa. Hawaingii kila nyumba. Kishikwambi ndicho kinachochagua, kama bahati nasibu. Mimi nikapewa kazi ya kuwatembeza. Nyumba ya tano, Gabrieli, kijana mwenye kishikwambi, akasimama mbele ya mlango wangu.

"Ni hapa, mama."

"Hapa kwangu? Weee! Nenda pale kwa Mama Eustace, naye ana mtoto mdogo."

"Hatubadilishi nyumba, mama. Tukianza kuchagua tunazozipenda, hesabu itatudanganya."

Mjukuu wangu Heri ana miezi ishirini na sita. Mama yake yuko Sibwesa kwenye mpunga, kaniachia mimi. Sindano ya pili ya surua, ile ya mwaka na nusu, hajachomwa. Kila siku ya chanjo nilikuwa nazunguka kuwahimiza wenzangu, wangu nasema nitampeleka wiki ijayo.

Majirani wakaanza kujaa uani. Aliyewaita nani? Hakuna. Umbea hauhitaji kadi ya mwaliko.

"Kadi ipo?" Gabrieli akauliza. "Kama haipo, tunaandika unavyokumbuka."

Loh, shetani naye ana akili! Niseme imepotea, niseme kachomwa zote, nani atabisha?

"Sema panya, Bibi!" jirani yangu Kalisti akadakia kutoka nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Nikamtazama Heri, amekaa anakula udongo, hana habari. Nikidanganya, hapo kwenye kishikwambi atahesabiwa amekingwa, na surua haitajali kilichoandikwa. Nikaingia ndani nikaleta kadi.

Gabrieli akaikagua. "Surua ya pili hana. Sababu? Kituo kiko mbali?"

Wakacheka tena. Zahanati inaonekana kutoka jikoni kwangu.

"Hukujua umuhimu wake?"

Hapo Kalisti akakaa chini kabisa kwa kucheka. "Mganga hajigangi, jamani!"

"Andika," nikasema, "bibi yake alikuwa anahangaika na watoto wa wenzake."

"Hiyo haimo kwenye orodha, mama. Nitaweka 'nyinginezo'."

Miaka yangu yote, nyinginezo! Machozi yakanitoka, nikageukia ukuta. Niliona aibu, na niliona uchungu zaidi kwa ajili ya yule mtoto. Kicheko kikakatika.

Nilipogeuka, Mama Eustace alikuwa keshamfunga Heri mgongoni kwa khanga, kadi kaishika mkononi.

"Leo si siku ya chanjo? Nyie endeleeni na nyumba zenu, huyu nampeleka mimi."

"Mama Eustace, una kazi zako..."

"Wewe uliponibebea Eustace wangu mpaka zahanati, nami nakutukana njia nzima, wewe hukuwa na kazi zako?"

Akaanza kuondoka. Nikampigia kelele amfunike mtoto kichwa, jua kali. Akanijibu bila kugeuka kwamba ninyamaze, kulea anajua.